Nyumba Haiachwi Bure: Shauri kwa Mwenye Kutaka Kununua Nyumba Kuukuu



Katika majuma haya nimepokea barua kadhaa kutoka Busia, Malaba na Khunyangu, na zote zauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Msomaji mmoja wa Malaba ameandika hivi: "Ndugu Karani, nimeona nyumba ya matofali yenye vyumba vinne. Mabati yake yana kutu na nyasi zimemea hata kizingitini, lakini bei ni ndogo. Je, niinunue na kuitengeneza, au nitafute kiwanja nijenge mpya?"

Jibu langu ni kwamba nyumba kuukuu yaweza kuwa baraka kubwa kwa mtu mwenye mshahara mdogo. Msingi umekwisha kuchimbwa, kuta zimesimama, pengine na miti ya matunda imekwisha kukua uani. Lakini kabla ya kuuliza bei, yakupasa kuuliza swali jingine: kwa nini nyumba hii imeachwa? Katika sehemu zetu hizi hapana mtu aachaye nyumba ya matofali iliwe na mchwa pasipo sababu. Nyumba haiachwi bure.

Sababu zenyewe ni za namna tatu. Ya kwanza ni sababu ya watu, yaani kifo, ugomvi wa ndugu, au deni. Ya pili ni sababu ya ardhi, yaani mpaka, barabara, au maji. Ya tatu ni sababu ya nyumba yenyewe, yaani paa, kuta na mchwa. Wanunuzi wengi huanza na hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo ionekanayo kwa macho. Nao hukosea, maana hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Paa bovu hutengenezwa na fundi kwa siku chache. Ugomvi wa urithi hautengenezwi na fundi yeyote.

Niruhusuni niwaeleze jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka saba, tukaona nyumba kando ya njia iendayo Nambale. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye baraza mbele, na mwembe mkubwa uani. Chini ya mwembe palikuwa na kaburi la mzee aliyeijenga. Wanawe wawili walitupokea vizuri, wakasema wamekubaliana wote, wakataka theluthi moja ya bei siku ile ile, kwa sababu, walisema, kulikuwa na mnunuzi mwingine. Nilikuwa tayari kutoa fedha. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba watoto, nyumba nzuri namna hii, mbona hata mmoja wao halali ndani yake?"

Nakiri kwamba nilikasirika kidogo. Lakini yeye alikwenda kisimani kuomba maji ya kunywa, akaketi na mama mmoja jirani, na aliporudi alikuwa na habari ambayo mimi na elimu yangu sikuipata. Marehemu alikuwa na binti pia, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo. Ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa.

Siku iliyofuata nilikwenda ofisi ya ardhi nikaomba upekuzi rasmi wa daftari. Jina lililokuwa mle lilikuwa lingali jina la marehemu. Maana yake ni kwamba wale ndugu wawili, hata kama walikuwa watu wema, hawakuwa na kitu cha kuniuzia.

Basi, wasomaji, na tuanze na watu.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yasema kwamba mtu asiyepewa mamlaka na mahakama hana ruhusa ya kugusa mali ya marehemu wala kuiuza. Kufanya hivyo ni kosa la jinai. Kwanza warithi huenda mahakamani na barua ya chifu inayotaja jamaa wote waliobaki. Mahakama huwateua wasimamizi wa mirathi. Kwa kawaida, baada ya miezi 6 wasimamizi huomba mahakama ithibitishe uteuzi wao na mgawanyo wa mali. Kabla ya uthibitisho huo, hata wasimamizi wenyewe hawawezi kuuza ardhi wala nyumba. Tena, sheria hiyo haibagui kati ya mtoto wa kiume na wa kike, wala haimwondoi binti kwa sababu ameolewa. Kwa hiyo ukiambiwa, "Dada zetu wameolewa, hawana neno hapa," jua kwamba unaambiwa jambo lisilo la kweli.

Ikiwa muuzaji yu hai na jina lake limo katika daftari, yafaa uhakikishe mambo haya:

Kwanza, fanya upekuzi rasmi mwenyewe, au kwa wakili wako, wala usitegemee karatasi aliyokuja nayo muuzaji. Upekuzi utakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama imewekwa rehani au imewekewa zuio. Angalia namba ya kiwanja kwa makini. Katika wilaya yetu namba hizi huanza na jina la mahali, kwa mfano Bukhayo/Mundika au South Teso/Angoromo, na tarakimu moja ikikosewa umenunua shamba la mtu mwingine.

Pili, uliza habari za mke au mume. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi pasipo idhini ya wote wawili. Idhini hiyo iwe ya maandishi.

Tatu, ikiwa ardhi ni ya kilimo, hapana budi kupata kibali cha bodi ya kusimamia ardhi. Maombi hupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu siku ya mapatano. Bila kibali, mapatano hubatilika kisheria. Watu wengi katika vijiji vyetu wameridhika na karatasi iliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa. Ushahidi wa mzee ni mzuri, maana yeye ajua historia ya mahali, lakini hauwezi kushika nafasi ya kibali wala ya daftari.

Nne, andika mkataba, wote mtie sahihi mbele ya mashahidi. Na katika hesabu yako usisahau ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani katika miji na asilimia 2 mashambani. Mlipaji ni mnunuzi. Kadhalika uliza kama kuna deni la malipo ya ardhi kwa kaunti au deni la umeme.

Kuna jambo jingine la watu ambalo halimo katika sheria, nalo ni makaburi. Kwetu wafu huzikwa nyumbani. Ukinunua boma lenye kaburi, umepata jirani asiyehama, na jamaa zake watakuja kumwona. Zungumzeni mapema: kaburi litatunzwa na nani, jamaa watapita wapi, na sehemu ile itabaki yao au la. Yaandikeni hayo katika mkataba. Mtu anayesema, "Nitalisawazisha baadaye," anajitafutia vita visivyokwisha.

Hapa yanipasa kusema neno kwa wale wanaotazama ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa najua wako. Mpaka huu ulikata jamaa vipande viwili. Hata mwaka 1902, wakati Uingereza ilipoihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda kuwa chini ya utawala wa upande wetu, hapana mwananchi aliyeulizwa. Waiteso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili, na ni rahisi kufikiri kwamba nyumba ya Busia ya Uganda ni sawa na ya Busia ya Kenya. Kisheria si sawa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, wala si kuimiliki moja kwa moja, na sheria ya ardhi ya huko ya mwaka 1998 imeweka kikomo cha miaka 99. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema vivyo hivyo juu ya asiye raia wa Kenya. Tena, katika miji ya Uganda ziko nyumba za zamani za maduka zilizoachwa na Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zao. Mtu akikuuzia nyumba ya namna hiyo, ulizia historia yake yote tangu mwaka 1972, si ya jana tu.

Sasa tuje kwenye ardhi.

Nyumba nyingi zilizoachwa Malaba na Busia ziko karibu na barabara kuu au karibu na reli, na penye malori mengi kila mtu hutamani kuwa na duka. Lakini barabara na reli zina hifadhi zao pande zote mbili. Tazama ukutani kama kuna alama ya X ya rangi nyekundu, hata kama imepakwa chokaa juu. Alama ile ni hukumu. Hata isipokuwapo, mlipe mpima ardhi alinganishe ramani na vigingi vya mipaka; ujira wake ni mdogo kuliko hasara ya kubomolewa. Majirani nao wawepo siku ya kupima, ili ua uliosogezwa usiku ujulikane mchana.

Kisha nenda ukaione nyumba siku ya mvua. Muuzaji atakuonyesha nyumba Januari, wakati vumbi limetanda na kila kitu ni kikavu. Wewe rudi Aprili, katika masika, uvae viatu vibovu, usimame uani. Maji yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Yakikusanyika ukutani, umepata sababu mojawapo ya kuachwa kwa nyumba. Walio karibu na Mto Malaba au Mto Sio waulize wazee maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa, nao watakuonyesha mti au jiwe.

Ukisha kuridhika na watu na ardhi, ndipo uingie ndani.

Ingia mchana wa jua kali, funga milango na madirisha, utazame juu: kila tundu la mabati litajionyesha kama nyota. Matundu machache ya misumari huzibwa. Lakini kama bati linavunjika ukilikunja kwa mkono, hesabu paa jipya. Ukinunua mabati, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo. Ikiwa paa si bati bali ni vigae vya kijivu vya asbesto, kama vilivyo katika nyumba nyingi za zamani, usivivunje wala usivikate. Vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani baada ya miaka mingi. Kenya imeihesabu asbesto kuwa taka ya hatari tangu mwaka 2006, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA.

Chukua bisibisi uchome kenchi, mapau na fremu za milango. Mti mzima hukataa. Mti ulioliwa na mchwa hupokea bisibisi kama ugali. Tafuta njia za udongo zipandazo ukutani. Mchwa hawaishi kwa kunyunyiziwa dawa juu juu. Ondoa kuni na magogo yaliyoegemezwa ukutani, chimba kichuguu kilicho karibu mpaka umpate malkia, na mahali mti ulipogusa udongo weka saruji au jiwe kati yao. Katika duka la dawa usikubali kuuziwa sumu za kale kama dieldrin na aldrin. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizitaja miongoni mwa sumu za kukomeshwa duniani, maana hukaa katika udongo na maji kwa muda mrefu sana.

Kisha tazama nyufa. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu si kitu. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, na unaopokea ncha ya kidole, ni wa kuogopa. Bandika ukanda wa karatasi juu yake kwa gundi, uandike tarehe. Karatasi ikipasuka kabla ya miezi 2 au 3 kwisha, ukuta unatembea, na kuziba ni kujidanganya. Sababu iko katika msingi. Ikiwa karatasi i nzima, ufa ni wa zamani, waweza kuzibwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayeziba ufa ulio hai atajenga ukuta vilevile.

Nyumba ya udongo nayo isidharauliwe. Ikiwa miti yake ni mizima, yaweza kuishi miaka mingi. Lakini usipake lipu ya saruji moja kwa moja juu ya ukuta wa udongo; saruji ni ngumu na udongo ni mwepesi, navyo huachana baada ya mvua chache. Ziba udongo kwa udongo, au kwanza pigilia wavu wa kuku ili saruji ipate mahali pa kushika.

Kanuni yangu ni hii: nyumba ina viungo vitatu vikubwa, yaani msingi, kuta na paa. Kimoja kikiwa kibovu, punguza bei. Viwili vikiwa vibovu, lipa bei ya kiwanja tu, maana nyumba hakuna.

Umekwisha kununua? Fuata utaratibu katika matengenezo, wala usianze na rangi. Kwanza paa, na kazi hii ifanywe kati ya Desemba na Februari, kabla ya masika. Pili, maji: chimba mfereji wa kuyaondoa ukutani, na mwaga ukanda wa zege kuzunguka nyumba. Weka mifereji ya bati kwenye paa. Paa la mita 8 kwa 6, likipata mvua ya milimita 25, hutoa lita 1,200, yaani mapipa 6 ya lita 200. Maji hayo yakianguka chini hula msingi. Yakiingia pipani hufua nguo za watoto. Tatu, mchwa. Nne, nyufa na kuta. Tano, choo, ambacho kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko; uliza pia shimo la zamani lilikuwa wapi, usije ukajenga jiko juu yake. Sita, nyaya za umeme, zikaguliwe na fundi mwenye leseni. Kisha milango, sakafu, lipu, na mwisho kabisa rangi.

Kwa zege la sakafu changanya saruji debe 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa lipu, saruji 1 kwa mchanga 4 au 5. Kazi ikiisha imwagiliwe maji siku 7. Fundi mwenye haraka atakwambia siku 2 zatosha, usimsikilize. Vifaa vinunue wewe, na fundi umlipe kwa hatua, kazi ikionekana. Usitumie akiba yote katika kununua; na juu ya hesabu ya matengenezo ongeza sehemu moja ya tano kwa mambo yaliyojificha, maana lazima yatakuwapo.

Nimalize habari yangu. Nilirudi kwa wale ndugu nikawaambia, "Nyumba naitaka, lakini nitangoja." Mmoja alikasirika, akasema makarani tunapenda karatasi kuliko watu. Hata hivyo dada yao aliitwa, akaja kutoka Tororo, nao wakaenda mahakamani wote watatu. Shauri lilichukua mwaka mmoja na miezi minne. Tulipotia sahihi, alitia sahihi pamoja nao, akapokea sehemu yake mkononi mwake mwenyewe. Yule aliyekasirika ndiye aliyenisaidia kupandisha mabati.

Sasa kila Desemba dada huyo huja kufagia kaburi la baba yake chini ya mwembe. Mke wangu humwekea chai barazani. Najiuliza mara nyingi tungekuwa tunamwona kwa macho gani, kama siku ile ningetoa fedha zangu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu maswali juu ya kuchimba na kufunika visima. Barua zenu ziwe fupi na zenye mwandiko wa kusomeka.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Mpakani